Sakafu ya Kuku na Firigisi Moja

Sogeeni karibu, na aliyekalia viti viwili amwachie mwenzake kimoja. Leo nimewaletea kesi. Hukumu sina, hukumu mtatoa ninyi, na rufaa haipo.

Katika milima ya Upare kuna kijiji ambacho sitakitaja jina, kwa sababu wenyeji wake wanaijua njia ya mahakamani hata wakiwa wamefumba macho, na mimi sina hamu ya kuitwa shahidi. Katika kijiji hicho waliishi majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nakunda, muuza mitumba. Kipaji chake kilikuwa kuchagua. Alitia mkono ndani ya robota bila kutazama, akapapasa kidogo, akatoa shati moja, na hilo ndilo lililokuwa limebaki na vifungo vyote. Watu walimwomba awachagulie parachichi, awachagulie mbegu ya maharage, na vijana wawili waliwahi kumwomba awachagulie mchumba. Mmoja anamshukuru hadi leo. Mwingine hakumsikiliza, na yeye pia siku hizi anamkumbuka sana.

Wa pili ni Mchome, fundi mwashi, na kwa Nakunda ni shemeji. Kipaji chake kilikuwa kuyajua maji. Pima maji alikuwa nayo, lakini aliibeba kwa heshima tu, kama mtu anayevaa saa iliyosimama. Alisimama kiwanjani, akafumba jicho moja, akakwambia: “Mvua ikija, maji yatapita hapa, yatapinda pale, yataingia kwa jirani, na jirani atakushtaki.” Mvua ilikuja, na yote yalitokea kwa mpangilio huohuo.

Wa tatu ni Mzee Senkondo, karani mstaafu wa mahakama. Kipaji chake kilikuwa kusubiri. Msicheke. Huyu mzee alistaafu, kisha akasubiri miaka mitatu barua ya kumjulisha kwamba amestaafu. Kila Jumatatu alikwenda kuulizia faili lake, akaambiwa liko njiani, akashukuru, akaaga. Siku lilipofika, karani aliyelikabidhi alitokwa na machozi, maana walishazoeana.

Sasa, jirani wa hawa watatu alikuwa Bibi Namsifu, mjane wa miaka sabini na minne, mwenye kuku thelathini na wanane na magoti yasiyopenda kuinama. Banda la kuku wake lilikuwa zuri kwa juu: bati jipya, kuta za tofali, dirisha la wavu. Chini lilikuwa udongo. Kiangazi udongo ule ulikuwa vumbi, na masika ulikuwa kitu ambacho hakina jina la adabu. Masika yaliyopita Bibi aliteleza humo, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Alilala kati ya kuku wake asubuhi nzima mpaka Nakunda alipopita na mzigo wake wa mitumba, akasikia sauti ikisema kwa upole, “Wewe unayepita, kama huna haraka, naomba uniinue.”

Habari zikamfikia Navoneiwa, binti pekee wa Bibi, anayefanya kazi katika ofisi moja huko Dodoma. Navoneiwa anampenda mama yake sana, lakini ameandika barua za kiofisi kwa miaka kumi na tisa na mkono wake umeshasahau aina nyingine. Barua yake ilikuja na kumbukumbu namba. Bibi akampelekea Mzee Senkondo amsomee.

“YAH: KUHAMIA KWANGU DODOMA,” akasoma mzee. “Rejea anguko lako la mwezi wa nne. Aya ya kwanza, unatakiwa kuhamia ghorofa ya tatu. Aya ya pili, kuku watagawiwa majirani. Aya ya tatu, banda litafungwa.”

“Hakuna neno linalosema ananipenda?”

“Lipo. Aya ya kwanza, ila ameliandika kwa maneno mengine.”

Bibi akampigia simu. “Mwanangu, ghorofa ya tatu nitafanya nini? Nitaamka nimsalimie nani?”

“Mama, ulilala kwenye kinyesi asubuhi nzima.”

“Nililala na kuku wangu. Hawakunisema.”

Wakavutana, na mwishowe Navoneiwa akatoa sharti, maana ofisi ilimfundisha kwamba mtu akikataa, mpe sharti. Alisema: “Tarehe ishirini na nane nakuja. Nitaweka birika la chai jikoni. Kama utalisafisha lile banda peke yako, bila kuinama, bila kuteleza, kabla birika halijachemka, utabaki na kuku wako. Ukishindwa, kesho yake tunapanda basi wote wawili.”

Zilibaki wiki tatu. Bibi akawaita majirani zake watatu, na hapo ndipo aliposema maneno yaliyozaa kesi hii.

Lakini kwanza mjue jambo moja la nyumba ile. Miaka arobaini na mmoja, kila kuku aliyechinjwa pale, firigisi ilikuwa ya Mzee Elinami, mume wa Bibi. Iliwekwa nzima juu ya wali wake, mbele ya watu wote, kabla ya sahani nyingine kuguswa. Mzee alipofariki, Bibi hakuifuta desturi. Aliamua kwamba firigisi ataipata yule aliyeitendea nyumba yake jambo kubwa kuliko wengine, na kila mtu kijijini alijua kwamba kuila mezani kwa Bibi Namsifu si kushiba. Ni kutangazwa.

“Atakayeniwezesha kubaki na kuku wangu,” alisema Bibi, “nitamchinjia yule jogoo mwekundu, na firigisi ataila mbele ya binti yangu.”

Alisema “atakayeniwezesha.” Hakusema “watakaoniwezesha.” Mzee Senkondo aliliona kosa hilo papo hapo, lakini hakumsahihisha.

Wote watatu waliona dawa ni kulisakafia banda, na Nakunda ndiye aliyeanza. Mchome alikuwa tayari ameshatamka kwamba saruji ya kawaida ya kukwaruza, isiyolainishwa, inatosha, “maana kuku hawajui kusoma, hawatalalamika popote.” Nakunda akamwambia, “Shemeji, hatuwachagulii kuku. Tunamchagulia Bibi na mkono wake.” Akakusanya vipande vitano: ubao, wavu wa chuma, zulia la plastiki, tofali lililosakafiwa kwa saruji ya kukwaruza, na tofali lililopigwa niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa mpaka ikang’aa. Akavipanga uani kwake kama anavyopanga mashati. Juu ya kila kimoja akapaka mavi ya kuku, kipimo kilekile, akaviacha juani siku mbili. Wapita njia waliuliza. Aliwajibu kwamba ni utafiti, nao wakaharakisha mwendo.

Siku ya tatu akamweka Bibi kwenye kigoda, akampa brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu. “Sugua, Bibi. Usiniambie kipi unakipenda. Mkono wako utaniambia.”

Ubao ulikuwa umekunywa uchafu wote na kubaki na harufu. Wavu uliupitisha uchafu vizuri, lakini Bibi aliuliza, “Na mimi nitapita wapi?” Zulia la plastiki lilitakata haraka, ila kuku aliyesimamishwa juu yake alitanua miguu kama mlevi, na ilipofika mchana alikuwa amekwishadonoa ukingo wake. Saruji ya kukwaruza iling’ang’ania mavi kama ndugu anavyong’ang’ania hati ya shamba. Niru ilihitaji mkono kupita mara moja tu. Bibi akageuka kumtazama Nakunda.

“Niru,” alisema Nakunda. “Na juu yake maranda ya mbao, kiasi cha kuficha kidole, kuku wasiteleze.”

Basi Mchome akaingia kazini. Lakini kabla hajachanganya ndoo ya kwanza, Nakunda akamtaka ailaze sakafu iwe bapa kama meza, mayai yasije yakabingirika.

“Shemeji,” alisema Mchome, “yai hutagwa kiotani, si kiwanjani. Mitumba naiheshimu, lakini maji niachie mimi.”

Kiwanja cha lile banda kiliinamia nyuma, kwenye ukuta. Fundi mwingine yeyote angeifuata ardhi, na maji yote ya kuoshea yangekwenda kutuama kule nyuma, ambako Bibi angelazimika kuingia, ainame na kuyachota. Mchome alifumba jicho moja, akayaona maji yale wiki mbili kabla hayajamwagwa, akayakatalia. Alijaza mawe upande wa nyuma, akashindilia, akamwaga zege, akaigeuza sakafu nzima iinamie mlangoni, vidole viwili kwa kila hatua. Mlangoni akaweka mfereji mwembamba wa kuyapeleka maji kwenye migomba. Mbele ya mfereji akajenga kidaraja cha kusimama, na hicho tu ndicho alichokiacha na mikwaruzo, ili Bibi asimame hapo imara, nje ya banda, na brashi yake ifike hadi ukuta wa mwisho.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Pale sakafu inapokutana na ukuta, mahali ambapo uchafu hujibanza kwenye kona, alichukua chupa tupu ya soda, akaivuta juu ya saruji mbichi pande zote nne, kona zote zikawa mviringo kama ndani ya bakuli. Ndipo akapiga niru. Aliisugua alasiri nzima, mpaka kuku mmoja aliyechungulia dirishani akajiona, akapiga kelele akakimbia.

“Kuku wanarudi lini?” aliuliza Bibi.

“Hilo,” alisema Mzee Senkondo, “niachieni mimi.”

Saruji mbichi hainyweshwi siku moja tu. Inataka maji siku saba, asubuhi na jioni, ifunikwe magunia mabichi, isikanyagwe. Baada ya hapo siku tatu za kukauka. Na kuku thelathini na wanane wakae wapi siku kumi? Nakunda alikuwa na marobota. Mchome alikuwa na mbwa. Wengine walikuwa na sababu. Mzee Senkondo akafungua sebule yake. Akatoa vitambaa vya makochi alivyofuma marehemu mke wake, akavikunja, akavifungia kabatini. Cheti chake cha utumishi wa muda mrefu alikisahau ukutani, na jogoo mwekundu akakifanya mahali pa kulala.

Kila asubuhi na jioni mzee alimwagia sakafu maji, akarudi nyumbani, akakuta kuku kwenye kochi, akawaambia “samahani,” akakaa kwenye kigoda.

Siku ya nne Nakunda alikuja, akagonga sakafu kwa ukucha. “Imekaza, mzee.”

Mchome akaipiga kisigino. “Imekaza kabisa. Warudishe, mzee wangu, nyumba yako inanuka mpaka kwangu.”

“Imekaza,” alikubali Mzee Senkondo, “lakini haijakomaa.” Akachukua kiti chake, akakiweka mlangoni pa banda, akakaa.

“Unamsubiri nani?”

“Jumatano.”

Bibi mwenyewe akaja kumbembeleza. Alikuwa na hofu. Tarehe ilikaribia, na alitaka walau wiki ya kujizoeza. “Karani, nakuomba. Kuku wangu nimewakumbuka.”

“Njoo uwatazame sebuleni, mama. Karibu sana. Kochi la kushoto bado ni zima.”

Hakuondoka. Mvua ndogo ilipita, akajifunika gunia. Na ili msije mkasema mzee alikuwa mkaidi tu, sikieni: siku ileile aliyosakafia banda, Mchome alichukua saruji iliyobaki akasakafia kibanda chake mwenyewe cha bata. Mchanganyiko uleule, mkono uleule, niru ileile. Hakuwa na subira ya kumwagilia. Siku ya tatu bata walikuwa ndani. Ilipofika Jumapili sakafu ya bata ilikuwa na nyufa kama ramani ya wilaya, pamoja na mipaka yenye mgogoro, na kila ufa ulikuwa umejaa uchafu usiotoka kwa brashi wala kwa msumari. Mchome mwenyewe ndiye aliyewaita watu waje waone. Ni fundi mwenye moyo safi.

Jumatano ikafika, kuku wakarudi juu ya maranda mapya, na sakafu ya Bibi haikutoa hata ufa wa unywele.

Tarehe ishirini na nane Navoneiwa akafika, na daftari mkononi. Akamkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akakumbuka kilichomleta. Akabandika birika. “Haya, mama.”

Bibi akasimama kwenye kidaraja, mgongo wima kama askari. Akayavuta maranda machafu kwa reki ndefu, akayasukuma pembeni. Akamwaga ndoo moja ya maji kwa kuirusha ukutani, akapitisha brashi: kushoto, kulia, kati. Maji yakashuka yenyewe mlangoni kama yanayorudi kwao, yakaingia mferejini, yakaenda kwenye migomba. Bibi akaegemeza brashi. Jikoni birika lilikuwa halijaanza hata kunong’ona.

Navoneiwa akatoa leso nyeupe. Akaingia, akachuchumaa, akaifuta ile kona ya mviringo kabisa mwisho, akaitazama leso upande huu, akaigeuza upande ule. Akainusa.

“Mama,” alisema taratibu, “jikoni kwangu hapako hivi.”

Akaitoa ile barua yake, nakala ya ofisini, akaandika chini kwa kalamu: Uhamisho umeahirishwa.

“Mpaka lini?” aliuliza Bibi.

“Mpaka itakapotangazwa tena.”

Bibi akashtuka, lakini Mzee Senkondo akamgusa bega. “Mama, tulia. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na miwili. Hakuna maneno yanayodumu kuliko hayo.”

Basi jogoo mwekundu akachinjwa. Wali ukapikwa, nazi ikakunwa, majirani wakaketi mkekani. Sahani tatu zikapangwa mbele ya Bibi: ya Nakunda, ya Mchome, ya Mzee Senkondo. Bibi akafunua sufuria, akatumbukiza upawa, akautoa. Katikati ya mchuzi, nzima, iking’aa, ilikaa firigisi.

Na upawa ukasimama hewani.

“Bibi, usihangaike,” alisema Nakunda. “Bila mimi tungesakafia kwa saruji ya kukwaruza, na muda huu ungekuwa bado unasugua na birika limekauka. Huyu shemeji angechagua kwa macho yake mawili, na anapofanya kazi hulifumba moja.”

Watu wakaangua kicheko. Mchome akacheka kuliko wote, kisha akasema, “Niru ni neno, shemeji. Mimi ndiye niliyelifanya sakafu. Na kama tungekusikiliza, ingekuwa bapa kama meza, na leo Bibi angekuwa amesimama katikati ya bwawa, na kuku wote juu ya mabega yake. Leso ya da Navoneiwa ilipita wapi? Kwenye chupa yangu ya soda.”

“Na mzee wetu je?” aliuliza mtu mmoja.

“Mzee alikaa kwenye kiti,” alisema Nakunda. “Tunamheshimu, lakini alikaa kwenye kiti.”

“Ni kweli,” alisema Mzee Senkondo. “Nilikaa. Ninyi wawili mligombana kila siku, isipokuwa siku ya nne. Siku ile mlikubaliana, na mlikubaliana kuiharibu. Atakaye kujua sakafu hii ingekuwaje nisingekaa, apite kwa bata wa fundi.”

Mchome akainamisha kichwa. “Hapo amenikamata.”

“Sebule yako bado inanuka, mzee?” alichokoza mmoja.

“Inanuka. Na cheti changu hakisomeki tena.”

Navoneiwa akakohoa. “Mama, si uikate tu vipande vitatu?”

“Nikiikata itakuwa nyama,” alisema Bibi. “Baba yako sikumlisha vipande.”

“Basi uile wewe mwenyewe.”

“Mimi nimepewa nyumba yangu na kuku wangu. Nile na firigisi tena? Nitaonekana sina haya. Wewe si ndiye mkaguzi? Amua wewe.”

Navoneiwa akatazama sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. “Jambo hili,” alisema, “linahitaji kamati.”

Bibi akawatazama wote watatu. Huyu ndiye aliyeujua mkono wake kuliko yeye mwenyewe. Huyu ndiye aliyeyageuza maji ili magoti yake yapumzike. Huyu ndiye aliyemkatalia alipombembeleza, na kwa kumkatalia akambakiza nyumbani. Mmoja akiondolewa, kesho kuna basi la Dodoma. Wote walikuwa wanatabasamu, na wote walikuwa wanautazama upawa.

Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi. Mafundi humpa Mchome kabla sijamaliza. Akina mama humpa Nakunda, wakisema kazi mbaya huanzia kwenye uchaguzi mbaya. Wastaafu humpa Senkondo, na hawana haraka ya kueleza kwa nini. Mahali pamoja walipiga kura, kura zikalingana, wakamtafuta asiyekuwepo ili aje avunje sare.

Ninyi mliopo hapa mmesikia kila upande, na wali wa watu unapoa. Bibi Namsifu amechoka kushika upawa; ameugeuza mpini, amekupa wewe. Sahani ni tatu, firigisi ni moja, na haikatwi. Haya, unamwekea nani, na hao wawili wengine utawaambia nini?